Mfumo wa Kompyuta Unapokwama: Somo kwa Kamati za Parokia na Wahisani



Katika somo la robo hii tunazungumzia jambo ambalo huonekana kuwa la mafundi peke yao, lakini madhara yake humfikia mama aliyepanga foleni kwenye zahanati. Jambo lenyewe ni kukwama kwa mifumo ya kompyuta inayofunguliwa kwa njia ya mtandao, hasa ile iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Takwimu za mwezi zikishindwa kuingia, makadirio ya dawa na chanjo hupotoka. Makadirio yakipotoka, rafu za dawa hubaki wazi. Kwa sababu hiyo kamati inayosimamia zahanati au kituo cha afya inapaswa kuelewa mambo ya msingi, hata kama hakuna mjumbe wake hata mmoja aliyesomea kompyuta.

Lengo letu si kumfanya kila mjumbe awe fundi. Lengo ni kwamba baada ya somo hili kamati iweze kufanya mambo matatu: kueleza tatizo kwa usahihi, kumuuliza fundi maswali yanayostahili, na kujua ni gharama zipi za kuombea fedha.

MFUMO TUNAOUZUNGUMZIA

Hapa Tanzania takwimu za afya hukusanywa kupitia MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mfumo huo ulianza miaka ya 1990 kwa vitabu vya karatasi, na vitabu hivyo wauguzi wetu wa Muheza, Pangani, Mkinga na Lushoto wanavifahamu vizuri. Baadaye majumlisho ya mwezi yalianza kuingizwa kwenye programu iitwayo DHIS2. Chimbuko la programu hiyo ni Afrika Kusini baada ya uchaguzi wa 1994, chini ya mradi wa HISP. Kazi ya kuiandika upya kwa Java iliongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na toleo la kwanza lilianza kutumika Kerala, India, mwaka 2006. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania nayo iliisambaza katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo ya 2010.

Ndugu yake wa karibu ni OpenMRS, programu ya kutunza majalada ya wagonjwa. Wazo lake lilizaliwa mwaka 2004 kutokana na kazi ya kuhudumia wagonjwa wa UKIMWI huko Eldoret, Kenya, na ilianza kutumika huko mwaka 2006. Nayo imeandikwa kwa Java. Kwa maana hiyo tunaposema Java, hatuzungumzii kitu cha ng'ambo kisichotuhusu. Java ilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, na sifa yake kubwa ni kwamba programu ikiandikwa mara moja inaweza kufanya kazi kwenye kompyuta za aina mbalimbali.

Mfumo wa namna hii una sehemu nne. Ya kwanza ni kompyuta au simu ya mtumiaji. Ya pili ni njia, yaani intaneti. Ya tatu ni seva, ambayo ndani yake programu ya Java huendeshwa na programu mwenyeji, mara nyingi ile iitwayo Tomcat. Ya nne ni hifadhidata, yaani ghala ambamo takwimu zenyewe hukaa. Mtumiaji huona ukurasa mmoja tu, lakini ukurasa huo umepita sehemu zote nne. Tatizo linaweza kuwa katika yoyote kati ya hizo.

HATUA YA KWANZA: JUA TATIZO LIPO WAPI

Taarifa inayofika mara nyingi kwa fundi ni hii: "Mfumo haufanyi kazi." Taarifa hiyo haimsaidii. Ni sawa na mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" kisha akanyamaza. Kabla ya kupiga simu, anayetumia mfumo ajibu maswali yafuatayo:

1. Je, tovuti nyingine zinafunguka? Kama hazifunguki, tatizo ni mtandao au bando, wala si mfumo.
2. Je, mwenzako wa kituo kingine anaweza kuufungua? Kama anaweza, tatizo lipo upande wako.
3. Je, ni ukurasa mmoja tu unaokataa au ni mfumo mzima?
4. Lilianza lini, na kitu gani kilibadilika siku hiyo? Umeme ulikatika? Kuna programu mpya iliyowekwa?
5. Maneno gani hasa yametokea kwenye skrini? Yaandikwe kama yalivyo, herufi kwa herufi.

Swali la kwanza lina uzito wake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari zilikatika, na intaneti ilidorora Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo seva inaweza kuwa nzima kabisa mahali ilipo, na bado isifikike. Fundi akianza kuifungua na kubadilisha mipangilio, atakuwa anaharibu kilicho kizima.

Skrini yenyewe hutoa namba inayosaidia sana. Namba 404 maana yake ni kwamba seva imefikiwa lakini ukurasa ulioombwa haupo: ama anwani imekosewa, ama programu ilishindwa kupanda seva ilipowashwa. Namba 401 na 403 zinahusu ruhusa, kwa hiyo angalia jina la mtumiaji na neno la siri. Namba 500 maana yake programu imepokea ombi lako ikaanguka njiani. Namba 502 na 503 maana yake mlango wa mbele umefunguka, lakini aliye ndani haitiki. Endapo hakuna namba yoyote, ila kusubiri tu mpaka kivinjari kinachoka, basi huenda hukufika kwenye seva kabisa.

HATUA YA PILI: SOMA DAFTARI LA MATUKIO

Kila seva huandika daftari la matukio yake. Kwa Tomcat, daftari hilo hukaa kwenye folda ya logs, na faili linalotazamwa kwanza kwa kawaida huitwa catalina.out. Fundi anayebahatisha bila kufungua daftari hilo ni kama mganga anayegawa dawa bila kupima.

Programu ya Java inapoanguka huandika mistari mingi sana, pengine mia moja kwa mkupuo, na wengi hukata tamaa kwa kuona wingi huo. Siri yake ni ndogo. Tafuta mistari inayoanza na maneno Caused by, na usome ule wa mwisho. Mara nyingi huo ndio unaotaja chanzo. Iliyo juu yake hueleza tu jinsi maumivu yalivyosambaa. Kisha tafuta mstari wenye jina la programu yenu, maana mistari mingi mingine ni ya maktaba ambazo programu imeziazima.

Angalizo: daftari hili linaweza kuwa na majina ya wagonjwa. Lisitumwe ovyo kwenye makundi ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatubana sote. Futeni majina kwanza, kisha mtumieni fundi peke yake.

MATATIZO YANAYOJIRUDIA

(a) Toleo la Java kutolingana. Programu iliyoandaliwa kwa Java mpya haiwezi kuendeshwa na Java ya zamani. Daftari litaandika UnsupportedClassVersionError pamoja na namba: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, na 61 ni Java 17. Tatizo hili hutokea sana baada ya fundi kusasisha sehemu moja na kuiacha nyingine. Vilevile programu iliyoandikwa kwa Tomcat 9 haitapanda kwenye Tomcat 10 bila kurekebishwa, kwa kuwa majina ya ndani yalibadilishwa kutoka javax kuwa jakarta. Dawa yake ni kuandika kwenye karatasi matoleo yote yanayotumika na kutosasisha chochote kabla ya kusoma masharti ya programu husika.

(b) Kumbukumbu kujaa. Mfumo huanza vizuri asubuhi, ukawa mzito mchana, kisha ukaganda. Daftari huandika OutOfMemoryError. Hapa wahisani wetu wanahitaji kuwa makini. Java haitumii kumbukumbu yote ya kompyuta. Isipopangiwa, kwa kawaida huchukua hadi robo yake; ikipangiwa kiwango, haivuki kiwango hicho. Kwa hiyo kama mpangilio unasema gigabaiti 1, kununua kumbukumbu ya gigabaiti 16 hakutabadilisha kitu. Ni sawa na kujenga ghala kubwa na kuendelea kutumia chumba kimoja. Fundi aulizwe kwanza: mpangilio unasema kiasi gani? Na kama kumbukumbu hupanda kila siku hata watumiaji wakiwa wachache, basi programu yenyewe inavuja, na anayepaswa kuitwa ni mwandishi wa programu, si muuza vifaa.

(c) Foleni ya hifadhidata. Programu huwa na idadi maalumu ya njia za kuingia kwenye hifadhidata, tuseme 10 au 20. Wanaokumbuka kivuko cha Pangani cha kwenda Bweni wataelewa: kivuko kikijaa, wengine husubiri ng'ambo. Kusubiri si tatizo ikiwa kila aliyevuka anashuka. Tatizo ni mwandishi wa programu aliyesahau kuwashusha abiria, yaani hakufunga njia baada ya kuitumia. Baada ya saa kadhaa kivuko kimejaa watu waliokwisha kufika, na hakuna mwingine anayepanda. Dalili yake ni kwamba mfumo unaganda bila namba yoyote, ukizimwa na kuwashwa unapona, na kesho yake unaganda tena. Kuongeza idadi ya njia huahirisha tu tatizo. Tiba ni kurekebisha mahali pale pasipofungwa.

(d) Kitu kisichokuwepo. Neno NullPointerException ndilo maarufu kuliko yote katika Java. Maana yake programu ilitegemea kukuta kitu fulani, ikakuta pengo. Tuseme zahanati mpya imeandikishwa bila kujazwa kata yake, na ripoti ya wilaya inataka kata ya kila zahanati. Ripoti nzima itaanguka kwa sababu ya pengo moja. Tony Hoare, mwanasayansi wa Uingereza aliyeanzisha wazo la pengo hilo katika lugha za kompyuta mwaka 1965, alisema mwaka 2009 kwamba lilikuwa kosa lake lililogharimu dola bilioni moja. Mara nyingi karani anaweza kumsaidia fundi hapa kuliko fundi anavyoweza kujisaidia, kwa kukumbuka ni taarifa gani iliingizwa mwisho kabla ripoti haijaanza kukataa.

(e) Herufi kuharibika. Kiswahili hakina herufi nyingi za ajabu, lakini tuna ng' yenye kibanio. Kata ya Mng'aro huko Lushoto ni mfano mzuri. Katika lugha ya hifadhidata, kibanio humaanisha mwisho wa maneno. Programu iliyoandikwa kizembe ikipokea jina hilo hudhani sentensi imekwisha pale kwenye Mng, na "aro" iliyobaki huivuruga. Hili si suala la maandishi tu. Ni ufa wa usalama, kwani mtu mwenye nia mbaya anaweza kuupitia kupenyeza amri zake. Katika Java kuna njia sahihi iitwayo PreparedStatement, ambayo huchukulia jina kuwa jina na si amri. Kibanio kilichopinda kinachotoka kwenye programu ya kuandikia barua nacho kinaweza kugeuka alama zisizosomeka, endapo sehemu zote za mfumo hazikupangwa kutumia UTF-8. Jaribio jepesi kabla ya kupokea mfumo mpya: ingizeni jina lenye ng' muone kama litatoka kama lilivyoingia.

(f) Saa na tarehe. Seva nyingi zilizokodishwa nje hufuata saa za Greenwich, nasi tupo mbele kwa saa tatu. Mtoto akizaliwa saa 7 usiku kuamkia tarehe 1 Julai, kwa seva hiyo bado ni saa 4 usiku ya tarehe 30 Juni. Mtoto huyo anahesabiwa mwezi uliopita, na kwa kuwa mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai, anahesabiwa pia mwaka uliopita. Hakuna kitakachoonekana kimeharibika. Majumlisho tu hayatalingana na kitabu cha karatasi. Programu ipangiwe wazi kutumia saa za Afrika Mashariki.

(g) Diski kujaa na umeme kukatika. Daftari la matukio lisipopunguzwa hukua mpaka linajaza diski, na hifadhidata ikikosa nafasi ya kuandika husimama. Umeme nao ukikatika ghafla wakati wa kuandika, faili linaweza kuharibika. Katika pwani yetu ongezeni joto, unyevu na hewa ya chumvi, ambavyo hula vifaa taratibu. Seva iliyo ndani ya kituo inahitaji chumba kikavu, kifaa cha UPS chenye betri nzima, na utaratibu wa kuizima kwa adabu kabla betri haijaisha.

KUZIMA NA KUWASHA SI TIBA

Mtaona kwamba matatizo kadhaa kati ya haya hutulia mfumo ukizimwa na kuwashwa. Hatukatazi kufanya hivyo, maana wagonjwa hawawezi kungoja. Tunachoomba ni kwamba kabla ya kuzima, daftari la matukio linakiliwe na saa iandikwe. Panadol hushusha homa lakini haiui vimelea vya malaria, na kituo kinachowasha upya seva kila siku bila kuandika lolote kinaficha ugonjwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vilevile fundi abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha ajaribu. Akibadilisha vitano kwa pamoja na mfumo ukapona, hatajua kilichouponya ni kipi, na siku utakapougua tena ataanza upya. Na kila badiliko lijaribiwe kwanza kwenye nakala ya majaribio, si kwenye mfumo unaotumika, tena isiwe siku za mwanzo wa mwezi wakati ripoti zinaingizwa.

NAKALA ZA AKIBA NA USALAMA

Mwezi Desemba 2021 dunia nzima ilishtuka ilipogundulika kwamba Log4j, maktaba ndogo inayotumiwa na programu nyingi za Java kuandika hilo daftari la matukio, ilikuwa na ufa uliomruhusu mtu wa mbali kuitawala seva. Waliokuwa na orodha ya programu na matoleo yao waliweza kujua upesi kama wamo hatarini. Wasiokuwa na orodha walilazimika kwanza kutafuta.

Kuhusu nakala za akiba, kanuni ni fupi: nakala ambayo haijawahi kurejeshwa kwa majaribio bado si nakala. Iwepo moja nje ya jengo, na walau mara moja kila robo mwaka fundi airejeshe kwenye kompyuta nyingine mbele ya mjumbe wa kamati. Aidha, vitabu vya karatasi visitupwe. Siku mfumo ukisimama, kitabu ndicho kitakachoendelea na kazi, na mfumo ukirudi ndicho kitakachotumika kulinganisha.

WAJIBU WA KAMATI NA WA WAHISANI

Kamati iwe na daftari moja la mfumo. Humo iandikwe: seva ipo wapi, inalipiwa na nani na hadi lini, matoleo yanayotumika, ni nani wawili wenye maneno ya siri, na orodha ya matatizo yaliyotokea pamoja na jinsi yalivyotatuliwa. Tunasisitiza wawili, kwa sababu fundi mmoja akihama, hata kwa heri, mfumo mzima unaweza kuondoka naye. Maneno ya siri yenyewe yasiandikwe humo. Yawekwe kwenye bahasha iliyofungwa na kutunzwa mahali salama.

Kwa wahisani wetu, ombi letu ni la wazi. Ni rahisi kupata fedha za kununua kompyuta mpya, kwa kuwa kompyuta hupigwa picha. Ni vigumu kupata fedha za kumlipa fundi siku mbili kila mwezi, kubadilisha betri ya UPS, au kulipia seva mwaka wa tatu baada ya mradi kufungwa. Lakini katika matatizo saba tuliyoyataja, hakuna hata moja linaloponywa kwa kompyuta mpya peke yake. Mengi yanataka muda wa mtu anayejua kusoma daftari la matukio. Andiko la mradi lisilo na fungu la matunzo lirudishwe likaandikwe upya kabla ya kufadhiliwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Mfumo wetu ukisimama leo, ni nani wa kwanza kuarifiwa, na tutamweleza nini?
2. Nakala yetu ya mwisho ya akiba ni ya tarehe ngapi, na nani aliona ikirejeshwa?
3. Majumlisho ya mwezi uliopita kwenye mfumo yanalingana na kitabu cha karatasi? Kama hayalingani, tofauti ni kiasi gani, na kwa nini?
4. Fundi wetu akihama kesho, tutabaki na nini mkononi?
5. Bajeti ya mwaka huu ina fungu la matunzo ya mfumo? Kama haina, tutalitoa wapi?

Tunashauri swali la tatu lifanyiwe kazi kwanza. Halihitaji fundi wala fedha. Linahitaji wajumbe wawili, kitabu cha MTUHA cha mwezi uliopita, ripoti iliyochapishwa kutoka kwenye mfumo, na mchana mmoja wa kukaa pamoja na kuhesabu.